Pacifica na Majina Yake: Redio ya Wasikilizaji na Suala la Kutopendelea katika Istilahi

Utangulizi

Istilahi nyingi za utangazaji tulizo nazo katika Kiswahili zilizaliwa katika nchi ambamo redio ilikuwa chombo cha serikali. Redio Tanzania Dar es Salaam, tangu iliposhika mahali pa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1965, iliendeshwa kama idara ya serikali. Sauti ya Kenya nayo ilikuwa hivyo hivyo mpaka ilipogeuzwa kuwa shirika mwaka 1989. Kwa sababu hiyo, mfasiri wa Kiswahili anapokutana na habari za redio isiyo ya serikali wala ya mfanyabiashara, bali inayoishi kwa fedha za watu wale wale wanaoisikiliza, huona kwamba maneno aliyozoea hayamtoshi. Shida hiyo huzaa nyingine iliyo kubwa zaidi. Redio ya namna hiyo haikosi wapenzi na haikosi maadui, na karibu kila neno lililokwisha kutumiwa kuieleza lilitungwa na mmoja wa pande hizo mbili. Mfasiri akilichukua neno bila kulipima, huwa amekwisha kumchagulia msomaji upande.

Makala haya yanachunguza mfano mmoja unaojulikana sana, yaani mtandao wa redio wa Pacifica nchini Marekani. Madhumuni yake si kuisifu Pacifica wala kuilaumu. Tutafuatilia majina iliyopewa tangu mwaka 1946, tutazame nani aliyatoa na kwa haja gani, kisha tuyapime yanavyosikika yanapoingia katika lugha yetu. Mwishoni yanatolewa mapendekezo machache kwa ajili ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali ambao hulazimika kuandika juu ya mambo ya aina hii.

Kudhamini, kufadhili na kuchangia

Taasisi ya Pacifica iliundwa huko California mwaka 1946. Mwanzilishi wake mkuu, Lewis Hill, alikuwa mmoja wa watu waliokataa kupigana katika Vita Kuu ya Pili kwa sababu ya dhamiri zao. Baadaye alifanya kazi ya utangazaji mjini Washington. Hati ya kuundwa kwa taasisi ilieleza kwamba lengo lake ni kuleta maelewano ya kudumu baina ya mataifa na baina ya watu wa kila rangi na imani, na kueneza habari juu ya chanzo cha magomvi yao. Kituo chake cha kwanza, KPFA cha Berkeley, kilianza kutangaza tarehe 15 Aprili 1949. Kilitumia masafa ya FM wakati ambapo watu wenye mashine za kupokea masafa hayo walikuwa wachache. Mwezi Agosti 1950 fedha zilikwisha na kituo kikanyamaza. Kilirudi hewani mwezi Mei 1951 baada ya wasikilizaji na marafiki kukusanya fedha.

Mwaka 1951 Hill aliandika maelezo ya nadharia yake. Kwa hesabu yake, asilimia 2 tu ya watu wanaoweza kukisikia kituo wakikubali kulipa kila mwaka kwa hiari, kituo kitaweza kuishi, na wengine wote watasikiliza bure. Neno la Kiingereza alilolitumia kumweleza msikilizaji anayelipa lilikuwa neno la biashara, yaani neno lile lile lililokuwa likitumiwa kwa kampuni ya sabuni au ya sigara inayolipia kipindi ili bidhaa zake zitajwe. Hill alimwondoa mwenye bidhaa katika kiti chake, akamweka msikilizaji hapo. Miaka ya baadaye neno hilo lilipungua matumizi, na mahali pake likaja neno lenye maana ya kutegemeza.

Katika Kiswahili tunayo maneno manne ya kuchagua, na kila moja lina tabia yake. "Kudhamini" ni kusimama badala ya mtu: mdhamini huenda mahakamani, na mwenzake akitoroka hulipa yeye. Katika michezo, mdhamini wa ligi ni kampuni ambayo jina lake huandikwa kifuani mwa wachezaji. Neno hili li karibu na lile la Hill, lakini kejeli yake haisikiki kwetu, na msomaji atadhani kuna kampuni nyuma ya kituo. "Kufadhili" kumetokana na fadhila, nayo hutoka kwa aliye nacho kwenda kwa asiye nacho. Mfadhili hutazamiwa kushukuriwa, wala aliyefadhiliwa hamwulizi maswali. "Kutegemeza" hueleza ukweli kwamba kituo kingeanguka bila nguzo hiyo, lakini hakusemi nguzo hiyo ni ya nini. "Kuchangia" ndilo neno la harusi, la msiba na la ujenzi wa shule. Kila mtu hutoa kiasi chake, hakuna ajengaye peke yake, na aliyetoa ana haki ya kuuliza hesabu. Aidha, asiyetoa hafukuzwi shereheni.

Tabia hiyo ya mwisho ndiyo inayolifanya neno "kuchangia" lifae hapa. Fedha za Pacifica si ada, kwa maana asiyelipa husikia pia. Wala si leseni kama ile waliyolipa wenye redio wa Uingereza hadi mwaka 1971 kwa ajili ya BBC, kwa maana leseni ilikuwa amri ya sheria. Hivyo "redio ya michango ya wasikilizaji" ni maelezo yanayoweza kuthibitishwa kwa kufungua vitabu vya hesabu, na ambayo rafiki na adui watayakubali.

Umma, jamii na uhuru

Mara nyingi Pacifica huwekwa katika kundi moja na vituo ambavyo Wamarekani huviita kwa jina lenye maana ya redio ya umma. Kwa msomaji wa Tanzania, jina hilo lina mtego. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, "shirika la umma" limekuwa na maana ya shirika linalomilikiwa na dola. Msomaji akiambiwa kwamba Pacifica ni redio ya umma, ataelewa kwamba ni redio ya serikali ya Marekani, na hapo atakuwa amepotoshwa kabisa. Redio ya serikali ya Marekani, yaani Sauti ya Amerika, ni kitu kingine, na idhaa yake ya Kiswahili iliyoanza mwaka 1962 inajulikana vema Afrika Mashariki.

Neno "huru" nalo huhitaji uangalifu. Pacifica yenyewe hulipenda. Ni kweli kwamba haipokei matangazo ya biashara. Lakini katika miaka ya 1950 ilipokea msaada wa fedha uliotokana na Ford Foundation, na baada ya Shirika la Utangazaji wa Umma kuundwa kwa sheria ya mwaka 1967, vituo vyake vilipokea ruzuku iliyotoka katika hazina ya nchi. Mambo hayo hayaondoi uhuru wake wa kusema. Yanaonyesha tu kwamba uhuru lazima utajwe pamoja na kile ambacho mtu yu huru nacho. "Redio huru" peke yake ni sifa. "Redio isiyopokea matangazo ya biashara" ni habari.

Insafu na usawa

Wiki chache baada ya KPFA kuanza, yaani mwezi Juni 1949, Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilitoa taarifa iliyoweka kanuni mashuhuri juu ya vituo vyote vya redio. Kanuni hiyo ilikuwa na sehemu mbili: kila kituo kilipaswa kutenga muda wa kuzungumzia mambo ya umma yenye mabishano, na kilipaswa kutoa nafasi ya kutosha kwa mawazo yanayopingana juu ya mambo hayo. Mahakama Kuu ya Marekani iliithibitisha mwaka 1969. Tume yenyewe iliiacha mwezi Agosti 1987.

Wafasiri wengi huiita kanuni hii "kanuni ya usawa". Tafsiri hiyo haifai, kwa sababu usawa ni jambo lililo katika kanuni nyingine. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1934 iliagiza kwamba kituo kikimpa nafasi mgombea mmoja wa uchaguzi, kiwape wapinzani wake nafasi zilizo sawa. Hapo dakika huhesabiwa. Kanuni ya mwaka 1949 haikuhesabu dakika, wala haikutaka kila kipindi kiwe na pande mbili. Ilikitazama kituo kizima kwa muda mrefu, ikauliza kama msikilizaji wake amepata nafasi ya kusikia hoja mbalimbali. Kiswahili kina neno la kale linalofaa hapa, nalo ni "insafu". Mtu mwenye insafu hulazimiki kumwona amegawa kila kitu nusu kwa nusu. Inatosha kwamba amempa kila mtu haki yake. Kwa hiyo tungesema "kanuni ya insafu" kwa ile ya mwaka 1949, na "kanuni ya nafasi sawa" kwa ile ya wagombea.

Tofauti hii ni ya maana sana katika kuifahamu Pacifica ya miaka ya mwanzo. Hill hakutaka watangazaji wasio na msimamo. Alitaka watu wenye misimamo mikali iliyopishana waketi katika kituo kimoja, kila mmoja akisema lake waziwazi. Wakati huo wachambuzi wa KPFA walitoka pande mbalimbali za siasa, za kushoto na za kulia. Kila mchambuzi alikuwa na upande; kutopendelea kulikuwa katika ratiba ya juma zima. Mtu aliyesikiliza kipindi kimoja akazima redio angeweza kuapa kwamba kituo ni cha chama fulani, na jirani yake aliyesikiliza siku ya pili angeapa kinyume. Baadhi ya majina iliyopewa Pacifica yalitokana na usikilizaji wa aina hiyo.

Haifuati kwamba mambo yalibaki hivyo. Vituo vilipoongezeka, yaani KPFK cha Los Angeles mwaka 1959 na WBAI cha New York mwaka 1960, na vita vya Vietnam vilipopamba moto, sauti za upande wa kushoto zilizidi katika ratiba. Mwaka 1965 Christopher Koch wa WBAI alikwenda Vietnam ya Kaskazini. Aliporudi, taarifa zake zilizusha ugomvi mkubwa baina yake na uongozi wa kituo, mwisho akajiuzulu. Ugomvi huo wafaa ukumbukwe na yeyote anayeandika kwamba Pacifica ilikuwa na msimamo mmoja. Swali la kupendelea na kutopendelea lilibishaniwa ndani ya nyumba yenyewe kabla wageni hawajalipa jina.

Swali la Tume, mwaka 1962 hadi 1964

Mwezi Oktoba 1962 WBAI ilitangaza mazungumzo na mtu aliyewahi kuwa afisa wa FBI, ambaye aliikosoa vikali idara hiyo. Mwezi Januari 1963 kamati ndogo ya Baraza la Seneti iliyoshughulikia usalama wa ndani iliwaita viongozi wa Pacifica kuwahoji. Wakati huo leseni za vituo zilikuwa mbele ya Tume ya Mawasiliano zikingoja kuthibitishwa, nayo Tume ikauliza kama wakuu wa taasisi walikuwa, au waliwahi kuwa, wakomunisti.

Hapa yafaa mtumishi wa serikali atue na kutafakari. Neno "mkomunisti" lina maana mbili. Ya kwanza ni ya kuhesabika: mtu huyu ni mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, ana kadi, analipa ada. Ya pili ni ya kulaumu: mtu huyu anasema mambo ambayo serikali haiyapendi. Katika Marekani ya miaka ile maana hizo mbili zilichanganywa kwa makusudi, na leseni ya kituo iliweza kupotea katika mchanganyiko huo. Tarehe 22 Januari 1964 Tume ilitoa uamuzi wake: haikuona ushahidi wa kuendelea kuchunguza suala la ukomunisti, na leseni zikatolewa. Juu ya malalamiko kwamba vipindi vingine viliwaudhi watu, Tume ilieleza kwamba walioudhika hawana haki ya kutumia mamlaka ya leseni kuviondoa hewani, kwa kuwa hapo vingesalia vile tu visivyoweza kumuudhi mtu yeyote, vilivyo chapwa kabisa.

Katika uamuzi huo Tume ilijiepusha na hukumu juu ya siasa za Pacifica. Ilitenganisha swali la ushahidi na swali la ladha. Hiyo ni kazi ile ile anayopaswa kuifanya mfasiri anapokuta sifa ya kisiasa: kuuliza kama sifa hiyo inasimama juu ya kadi ya chama au juu ya hasira ya msemaji.

Mkono wa kushoto katika Kiswahili

Leo Pacifica huelezwa mara nyingi kuwa ni ya mrengo wa kushoto, au ya siasa kali, au ya wapenda maendeleo. Maneno hayo matatu hayana uzito mmoja.

"Kushoto" na "kulia" katika siasa vilitoka Ufaransa, ambako mwaka 1789 wajumbe waliotaka mabadiliko waliketi upande wa kushoto wa mwenyekiti, na watetezi wa mfalme upande wa kulia. Huko maneno yalianza kama habari ya viti tu. Katika Kiswahili lakini mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Wazee waliuita pia mkono wa kuume, na wa pili mkono wa kike. Mtoto hufundishwa asipokee wala asitoe kwa mkono wa kushoto. Mfasiri hawezi kuiondoa ladha hiyo, ila aweza kuipunguza kwa kuandika "mrengo wa kushoto wa siasa" na kueleza mara moja una maana gani katika nchi inayozungumziwa. Kwa Pacifica ingetosha kusema kwamba vipindi vyake vingi vilipinga vita vya Vietnam, viliunga mkono haki za raia weusi na vyama vya wafanyakazi, na vilikosoa makampuni makubwa. Maelezo hayo ni marefu kuliko jina, lakini msomaji hubaki na uamuzi wake mwenyewe.

"Siasa kali" ni neno gumu zaidi. Katika matumizi ya zamani, kulifanya jambo kwa siasa kulikuwa ni kulifanya kwa upole na utaratibu, na mtu wa siasa alikuwa mtu asiyepayuka. Siasa ilipokwisha kuwa jina la mambo ya utawala, tuliiongezea ukali ili kumwelezea anayetaka mabadiliko makubwa. Lakini "kali" haimtofautishi anayetaka mabadiliko makubwa kwa kura na anayeyataka kwa bunduki. Neno linalowaweka mwalimu na mlipuaji katika kapu moja halifai kuwa istilahi.

"Wapenda maendeleo" huelekea upande wa pili. Neno la Kiingereza ambalo hufasiriwa hivyo ni jina la kundi la kisiasa. Kwetu maendeleo ni barabara, zahanati na shule, na asiyeyapenda ni adui wa wananchi. Ukiandika kwamba Pacifica ni redio ya wapenda maendeleo, umekwisha kuipigia kampeni. Hali kadhalika, katika miaka ya Ujamaa mfasiri wa Tanzania aliyelifasiri jina la msoshalisti wa Marekani kwa "mjamaa", na jina la mpinzani wake kwa "bepari", aligawa sifa na lawama hata kama mwandishi wa Kiingereza hakufanya hivyo. Upendeleo huweza kuzaliwa njiani, baina ya lugha mbili, bila mtu yeyote kuukusudia.

Houston, mwaka 1970

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba mwandishi asiyependelea ni yule atumiaye maneno yasiyo na rangi kila mahali. Kituo cha nne cha Pacifica, KPFT cha Houston katika jimbo la Texas, kilianza kutangaza tarehe 1 Machi 1970. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo mtambo wake wa kurushia matangazo ulilipuliwa kwa baruti. Ulitengenezwa, na mwezi Oktoba ukalipuliwa tena. Kituo kilirudi hewani mwezi Januari 1971, na baadaye mwanachama mmoja wa Ku Klux Klan alipatikana na hatia.

Mtu aweza kuandika kwamba "matukio mawili yalisababisha matangazo kukatika". Hakuna neno hata moja la uongo katika sentensi hiyo, lakini imemficha mtendaji na imekificha kitendo. Aweza pia kuandika kwamba "ubishi juu ya vipindi vya kituo ulifikia kilele mwaka 1970", na hapo amewafanya aliyesema na aliyelipua kuwa washiriki sawa wa ubishi. Kiswahili kina kauli ya kutendwa ambayo ofisi zetu huipenda mno: ilionekana, iliamuliwa, ilitokea. Kauli hiyo ina mahali pake, lakini pale ambapo mahakama imekwisha kumtaja mtendaji, kumwacha nje ya sentensi ni kumpendelea. Tunalijua jambo hili katika historia yetu. Wapiganaji wa Mau Mau walibaki katika maandishi ya sheria ya Kenya kama chama kilichopigwa marufuku tangu mwaka 1950 hadi mwaka 2003, ingawa nchi ilikuwa imepata uhuru mwaka 1963. Neno la ofisi lililoonekana kuwa la utaratibu tu lilikuwa bado linahukumu kwa sauti ya gavana.

Haki ya kuwa na upande

Mara mbili jina la Pacifica liliingia katika hukumu za Mahakama Kuu ya Marekani, na mara zote mbili hukumu ilisimama juu ya neno. Mwaka 1973 WBAI ilitangaza mchana maneno ya mchekeshaji George Carlin juu ya matusi yasiyoruhusiwa redioni. Mwaka 1978, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama iliamua kwamba Tume ya Mawasiliano ilikuwa na uwezo wa kukikaripia kituo. Sheria ya Marekani hutenganisha ufuska, usiolindwa na katiba, na maneno yasiyo ya staha, yanayolindwa lakini yaweza kuwekewa saa zake. Maneno ya Carlin yaliwekwa katika kundi la pili. Mfasiri anayeyaita yote "matusi" huifuta sababu ya hukumu.

Shauri la pili linahusu mada yetu moja kwa moja. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1967 ilivikataza vituo visivyo vya biashara kutoa maoni yao wenyewe kama vituo, na baadaye katazo likabaki kwa vile vilivyopokea ruzuku ya Shirika la Utangazaji wa Umma. Pacifica ilipokea ruzuku na ilitaka kusema. Ilikwenda mahakamani pamoja na chama cha wanawake wapiga kura wa California, na mwaka 1984, kwa kura 5 dhidi ya 4 tena, Mahakama ililibatilisha katazo. Waliolitetea walidai kwamba kituo kinachopokea fedha za serikali kikiruhusiwa kutoa maoni, kitageuzwa chombo cha serikali. Waliolipinga walijibu kwamba serikali haiwezi kununua ukimya wa mtu kwa ruzuku. Pande zote mbili zilisema zinalinda hali ya kutokuwa chini ya mtu.

Istilahi iliyobishaniwa hapo kwetu ni "kutoa tahariri". Gazetini haina utata. Redioni yahitaji kufafanuliwa, maana mchambuzi aliyealikwa kusema hatoi tahariri. Tahariri ni pale kituo kinaposema kwa jina lake. Wajuao Kiarabu watakumbuka kwamba "tahariri" na "huru" yametoka katika shina moja.

Walipogombana wenyewe

Kituo cha tano, WPFW cha Washington, kilianza mwaka 1977. Katika miaka ya 1990 uongozi wa taifa wa Pacifica ulitaka kuongeza idadi ya wasikilizaji na kusimamia vituo kutoka juu. Mwezi Julai 1999 wafanyakazi wa KPFA walifungiwa nje ya kituo chao, na mwisho wa mwezi huo maelfu ya watu waliandamana mjini Berkeley. Mashauri yalifuata, suluhu ikapatikana, na katiba mpya ya mwaka 2003 ikawapa wasikilizaji haki ya kuchagua mabaraza ya vituo: aliyetoa dola 25 kwa mwaka, au aliyejitolea kufanya kazi saa 3, akawa na kura.

Habari hizo huonyesha mpaka wa jina la mrengo wa kushoto. Waliofunga mlango na waliofungiwa wote waliitwa hivyo, na jina halikueleza hata kidogo walikuwa wakigombania nini. Waligombania nani mwenye kituo: bodi, wafanyakazi, au waliochangia. Mtu aweza kuandika kwamba wafanyakazi "waligoma". Lakini anayegoma huondoka kazini kwa hiari yake, na aliyefungiwa nje huzuiliwa asiingie. Mwezi Oktoba 2019 ugomvi wa jinsi hiyo ulirudi, pale uongozi wa taifa ulipovifuta vipindi vya WBAI kwa sababu ya madeni. Baada ya mwezi mmoja na amri za mahakama vikarudishwa. Tangu mwaka 2003, basi, "msikilizaji" wa Pacifica ni mtu mwenye kura, na inafaa tumwite "msikilizaji mwanachama" pale kura yake inapohusika.

Mapendekezo

Kutokana na uchunguzi huu tunapendekeza yafuatayo:

1. "Redio ya michango ya wasikilizaji" itumike kwa aina hii ya redio. "Kudhamini" kubaki kwa makampuni, na "kufadhili" kwa mashirika yatoayo misaada.

2. "Redio ya umma" isitumike peke yake kwa vituo vya Marekani visivyo vya serikali. Iandikwe "redio isiyo ya biashara", na chanzo cha fedha kitajwe.

3. "Kanuni ya insafu" na "kanuni ya nafasi sawa" zitenganishwe, na kila moja itajwe na miaka yake. Anayeeleza mambo ya baada ya mwaka 1987 asimlaumu mtangazaji kwa kuvunja kanuni iliyokwisha kuachwa.

4. Jina la kisiasa liandikwe pamoja na aliyelitoa na mwaka alipolitoa, au mahali pake yaandikwe matendo. "Siasa kali" iepukwe kabisa kama istilahi.

5. "Kutopendelea" kuwe neno la kueleza kazi ya mwandishi au mwamuzi; "insafu" kuwe neno la kueleza ratiba ya kituo; na "kutofungamana na upande wowote" kubaki katika mambo ya mataifa, ambako kumekwisha kuzoeleka.

Jambo moja halijapata ufumbuzi, nalo ni neno "mtandao" lenyewe. Tulipoanza kulitumia kwa vituo vya redio vinavyoungana, halikuwa na mshindani. Sasa msomaji akiona "redio ya mtandao" atafikiri ni redio isikilizwayo kwa intaneti, na Pacifica leo ni yote mawili. "Jumuiya ya vituo" ni ndefu, na "shirika" husema habari ya umiliki badala ya muungano wa matangazo. Walimu na wafasiri ambao wamekutana na tatizo hili katika kazi zao wanaombwa kuleta maneno wanayoyatumia, pamoja na sentensi walimoyatumia, ili yapimwe kabla ya orodha ya istilahi za utangazaji kusanifishwa.